Lee Jung-eun Hakuchelewa

Kuna kipande kimoja cha Parasite, filamu ya Korea Kusini, ambacho nimeshakirudia sijui mara ngapi. Ni usiku, mvua inamwagika, ile familia ya kimaskini imejiachia sebuleni kwa matajiri inakunywa na kucheka, mara kengele ya geti inalia. Kwenye kiskrini cha ukutani anatokea mama mmoja amelowa chapachapa, uso una majeraha, anatabasamu. Ni mtumishi wa zamani wa nyumba ile, waliyemfanyia hila akafukuzwa. Anaomba radhi kwa usumbufu, anaomba aingie kidogo tu, kuna kitu alikisahau chini. Adabu tupu. Lakini ukiyatazama macho yake unajua kwamba kicheko kimeishia hapo, na filamu tuliyokuwa tunaitazama imekwisha, sasa inaanza nyingine.

Mama huyo ni mwigizaji Lee Jung-eun. Alizaliwa mwaka 1970, akasomea maigizo Chuo Kikuu cha Hanyang, akapanda jukwaani mwaka 1991. Parasite ilipotwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Mei 2019, alikuwa na miaka ishirini na minane kazini. Tangu hapo kila anayemsifu humalizia kwa masikitiko: ah, bahati imechelewa kumfikia. Kwetu tungemfariji kwa kusema subira yavuta heri. Mimi nakataa. Anayesubiri amekaa, na huyu mama hakukaa hata siku moja.

Alikuwa Daehangno, mtaa wa Seoul wenye kumbi ndogo za maigizo zaidi ya mia, nyingine ziko chini ya majengo, unateremka ngazi ndipo uingie. Ukumbi wa namna hiyo haumfichi mwigizaji. Mtazamaji wa safu ya mbele anaona jasho, anasikia pumzi, na ukidanganya anajua kabla hujamaliza sentensi. Humo ndimo Lee alimocheza Bballae, tamthilia ya muziki ambayo jina lake maana yake ni nguo za kufua, kuhusu wapangaji wa mtaa wa walalahoi: msichana aliyetoka mkoani kuja mjini, kijana kibarua kutoka Mongolia, majirani wanaokutana wakianika nguo. Yeye alikuwa bibi mwenye nyumba, miaka mingi kabla umri wake haujafika huko. Jukwaa dogo halilipi, kwa hiyo mchana alifanya vibarua apate kula. Sisemi umaskini ule ulikuwa mzuri. Nasema kwamba kazi aliyokuwa akiifanya usiku ilikuwa kazi kamili, wala haikuwa foleni ya kungojea kamera.

Ndiyo maana kamera ilipomfikia ilimkuta tayari. Mwaka 2009 alipata sehemu ndogo sana katika Mother ya Bong Joon-ho, mwongozaji yuleyule wa Parasite, filamu iliyobebwa na nguli Kim Hye-ja. Miaka kumi baadaye, katika tamthilia ya televisheni The Light in Your Eyes, akamcheza mama wa Kim Hye-ja, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1941! Hadithi ni ya binti aliyezeeka ghafla, na mama yake, msusi mwenye saluni mtaani, anabaki kumtazama mwanawe aliyemzidi umri. Lee hakulia kwa makelele. Aliendelea na kazi za saluni, na huzuni tukaisoma mikononi. Tuzo ya Baeksang, ya huko huko Korea, ya mwigizaji msaidizi bora wa kike kwenye televisheni ilikuwa haki yake.

Halafu tazama miezi ya mwisho ya mwaka uleule wa 2019. Katika Strangers from Hell alikuwa mama mwenye nyumba ya wapangaji, mwingi wa tabasamu na ukarimu, na muuaji. Katika When the Camellia Blooms alikuwa mama aliyemtelekeza mwanawe na sasa anarudi kwake, na aliyemcheza mwana ni Gong Hyo-jin, mdogo wake kwa miaka kumi tu. Tamthilia hizi mbili zilipishana hewani kwa wiki kadhaa. Watu walimwogopa Jumamosi, Jumatano wakamlilia.

Kuna jambo moja linaniuma. Sisi tunaozitazama kwa tafsiri, iwe ya maandishi au ya sauti ya Kiswahili, tunapoteza sehemu kubwa ya ufundi wake. Katika Mr. Sunshine ya 2018, mtumishi aliyemcheza, mwenyeji wa Haman, anaongea lafudhi nzito ya Gyeongsang, eneo la kusini-mashariki mwa Korea, na kwa Mkorea nusu ya utamu iko hapo, kama vile wewe ungesikia Kimvita au Kipemba halisi kinywani mwa mhusika. Kwetu anatoka akiongea Kiswahili sanifu cha taarifa ya habari. Natamani siku moja watafsiri wetu wathubutu. Lugha yetu ina lafudhi za kutosha. Hata hivyo, mwigizaji huyu ndiye aliyetoa sauti ya nguruwe mkubwa wa filamu ya Okja, mnyama asiyesema neno hata moja, na tukamwelewa.

Novemba 2019 alipopokea tuzo ya filamu ya Korea, Blue Dragon, kwa Parasite, aliligusa suala la kuchelewa mwenyewe huku akitokwa na machozi. Alisema watu wanamwambia mwanga umemfikia akiwa amechelewa, lakini yeye anaona muda ule ulihitajika ili awe na uso huu na umbo hili alilo nalo.

Mwaka 2024 akawa steringi wa tamthilia ya Miss Night and Day. Msichana wa miaka ya ishirini, asiye na ajira, kila kukicha anageuka mama wa miaka hamsini, na usiku anarudi kuwa yeye. Usiku ni wa Jung Eun-ji, aliyezaliwa mwaka 1993. Mchana wote ni wa Lee, na ilimbidi aazime mwendo wa binti yule, namna yake ya kushtuka, hata aibu yake, akavivalisha mwili wake yeye. Bibi wa Bballae aliuazima uzee. Safari hii aliuazima ujana.