Kadi ya Chuma Inalinda Ganda, Si Picha

Mimi ni shabiki wa kadi za kumbukumbu zenye ganda la chuma, na nina sababu. Anayefanya kazi na kadi za SD kila siku anajua zinakofia. Kadi hizi zilibuniwa 1999, unene milimita 2.1 tu, na ganda la kawaida ni vipande viwili vyembamba vya plastiki vilivyogandishwa pamoja. Kwa kuingizwa na kutolewa mara kwa mara, vipande huanza kuachana ukingoni. Vile vijiti vya plastiki kati ya vibamba vya dhahabu vinavyogusana na kamera huvunjika, na kipande kikibaki ndani ya kamera, shida si ya kadi tena.

Halafu kuna kile kiswichi cha ubavuni cha kuzuia kurekodi. Kikilegea, kamera inakataa kupiga picha na kudai kadi imefungwa. Kadi yenyewe haina habari nacho. Ni tundu la kamera ndilo linalokagua kimekaa upande gani. Kitu kidogo hivyo kinaweza kusimamisha kazi nzima, na sioni kwa nini bado kipo.

Mwaka 2018 Sony walitoa kadi za Tough wakaondoa vyote viwili, vijiti na swichi, na ganda likawa kipande kimoja. Wao wanadai inahimili kupindwa mara 18 zaidi ya kadi ya kawaida. Na si ya chuma! Lexar walikuja na Armor, SD yenye ganda la chuma kisichoshika kutu, mwaka 2024. Chuma kinastahili sifa, lakini kwa maoni yangu umbo ndilo lililoleta mabadiliko makubwa zaidi.

Mahali ambapo chuma kina kazi ya pili ni kwenye CFexpress, aina nyingine ya kadi za kamera. Kadi hizi husukuma data kwa kasi kubwa na hupata moto hasa, zaidi ukirekodi video ya 8K, yaani yenye picha kali sana. Ganda la chuma husaidia kusambaza joto hilo lisirundikane kwenye chipu.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera. Picha hazikai kwenye ganda. Zinakaa kwenye seli za chipu, ambazo hunasa chaji ya umeme, na kila seli inapofutwa na kuandikwa upya, tabaka linaloizuia chaji isivuje huchakaa kidogo. Chipu za zamani zilizoweka biti moja (kipimo kidogo kabisa cha data) kwa kila seli zilivumilia hadi mizunguko 100,000 hivi ya kufutwa na kuandikwa. Zile za biti tatu, zilizoenea siku hizi, huvumilia elfu moja hadi elfu chache. Kidhibiti kilichomo ndani ya kadi hugawa uchakavu huo ili usiangukie seli zilezile, na ubora wake ndio unaoamua umri wa kadi. Chuma hakiongezi hata mzunguko mmoja. Wala hakikuokoi ukichomoa kadi taa ya kurekodi ikiwa bado inawaka.

Maji nayo yanahitaji tahadhari. Alama ya IP68 inayoonekana kwenye baadhi ya kadi inahusu vumbi na kuzamishwa kwenye maji safi. Kadi iliyoanguka baharini isuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi, ikauke kabisa, ndipo irudi kwenye kamera.

Tena kadi ngumu haiifanyi kamera kuwa ngumu. Waliotumia CompactFlash, kadi za kamera za zamani, wanakumbuka: kadi ilikuwa imara ajabu, lakini pini 50 zilikuwa upande wa kamera, na ukiisukuma kombo, pini inapinda. Kadi inabaki nzima, kamera inakwenda kwa fundi.

Ndiyo maana nataka watengenezaji watuambie mengine. Kwenye pakiti wanatangaza kadi inavyohimili kupindwa na kuangushwa, ilhali kadi nyingi za kamera hazielezi zinahimili kuandikwa data kiasi gani hadi zichoke. Zile za kamera za ulinzi na za magari mara nyingi hutaja saa za kurekodi, kwa hiyo jambo hilo linawezekana. Mpaka watakapofanya hivyo kwa kadi zote, ganda la chuma nalilipia pale tu kadi inapobadilishwa mara nyingi, na kama kamera ina matundu mawili, nairekodi kila picha kwenye kadi zote mbili.