Kwanza fyeka, rotaveta itangoja

Wiki hii kwenye grupu la WhatsApp la familia, yaya wetu mmoja, yaani kaka, mtoto wa baba mkubwa, ametuma video ya trakta yake mpya. Mpya kwake, huko Japani ilikwisha kuzeeka. Ndogo, nyekundu, ya farasi 25, imeshukia Dar es Salaam, imevuka mpaka wa Kasumbalesa, imefika shambani barabara ya Kasenga, hapa kwetu Lubumbashi, na mgongoni rotaveta yake, ile mashine ya visu vinavyozunguka kusaga udongo. Hongera papa, Mungu akuzidishie, vidole gumba ukurasa mzima. Mimi nikauliza swali moja tu: ya kufyekea iko wapi? Jibu likaja kwa sauti, limejaa kicheko: "Mudogo, mashini ya kukata majani ni ya batu ba Golf. Siye tunachomaka bule." Golf ni mtaa wa matajiri hapa mjini.

Sawa. Grupu la familia si mahali pa kumjibu mkubwa, kwa hiyo najibu hapa.

Rotaveta ile haikuchaguliwa na mtu. Hizi trakta ndogo za mitumba, Kubota, Iseki, Yanmar, nyingi zimetumika kwenye mashamba ya mpunga. Kule kazi ni kuvuruga tope laini, lisilo na jiwe wala kisiki, ardhi iliyolimwa tangu enzi za mababu. Ndiyo maana rotaveta inafuatana na trakta kama gurudumu la akiba linavyofuatana na gari. Imekuja kwa sababu ilikuwa imefungwa pale nyuma, basi. Na sisi, tangu ukame wa Zambia wa 2024 utufundishe bei ya unga, kila mwenye makuta, yaani pesa, kidogo anataka shamba lake la mahindi, na akiona visu vinazunguka anadhani kilimo kimefika.

Shamba lenyewe sasa. Msitu ulikatwa kwa makala, yaani mkaa, visiki vimebaki na vinachipua. Katikati kuna kichuguu cha mita tano, wenye matofali wamekwisha kukimega upande mmoja. Chini ni udongo mwekundu, na mahali pengine changarawe ya chuma. Juu yake nyasi inayomfunika mtu mzima. Ingiza rotaveta hapo. Kisu kinapiga mzizi, boliti ya usalama inakatika. Fundi anaweka nyingine, inakatika tena. Siku ya tatu fundi anachoka, anaweka boliti ngumu isiyokatika, na wote wanamsifu kwa akili. Kisiki kinachofuata hakivunji boliti tena, kinavunja gia.

Lakini kilichonipandisha hasira ni hilo la kuchoma. Kila Agosti na Septemba mji mzima unakohoa. Moshi toka Kipushi, moshi toka Likasi, nguo ulizoanika unazifua tena, majivu yanaanguka mpaka kwenye sufuria ya bukari. Kisha mwezi wa kwanza tunalia kwamba mahindi hayabebi bila mbolea. Mbolea gani tena, na tumeiwasha wenyewe kwa kiberiti? Nyasi ile imekaa masika mazima ikivuta chakula kutoka chini na kukipandisha juu. Ukiichoma, sehemu kubwa ya naitrojeni inaondoka na moshi. Yanayobaki ni majivu, na mvua za kwanza za Novemba, zile za fujo, zinayapeleka bondeni. Udongo uko uchi. Jua la Oktoba limeupiga, sasa matone yanaupiga, juu panafanya ganda. Mtu anakuja na rotaveta, analipasua ganda, udongo unasagika unga mtupu, picha zinapigwa. Mvua kubwa mbili zikipita, ganda linarudi gumu kuliko la kwanza. Na kule chini visu vinapoishia, sentimita kumi na tano hivi, kila msimu panazidi kushindiliwa, hadi mizizi ya mahindi ikifika pale inakunja kona.

Usiniambie basi utaigeuza nyasi kavu ndani ya udongo bila kuchoma. Jaribu uone mahindi yatakavyokuwa ya njano. Vijidudu vya udongo vinavyoozesha majani makavu vinakula naitrojeni kwanza, mmea wako unangoja foleni. Na ile nyasi yenye mashina makali yanayotambaa chini ya ardhi, rotaveta inaikata vipande vipande, kila kipande kinaota. Umelima nyasi kwa mazuti yako mwenyewe.

Ukiifyeka mwezi wa nne au wa tano, kabla haijakauka kabisa, ikalala juu ya udongo, hayo yote yanapungua. Kivuli kinabaki, unyevu unakaa zaidi, matone ya Novemba yanaangukia majani. Mchwa watakula nusu, najua. Wacha wale, wanapeleka chini. Moto wa jirani nao utakuja, kwa sababu hapa kwetu jirani hakosi kiberiti: kata ukanda mpana kuzunguka shamba, uukwangue mpaka udongo uonekane, na uupitie tena kabla ya Agosti.

Wazee walichoma, ndiyo. Chitemene, ile ya kukata matawi, kuyachoma na kupanda kwenye majivu, ilikuwa na akili yake, na majivu yanapunguza kweli uchachu wa udongo wetu. Ila wazee wale walihama, wakaiacha ardhi ikapumzika miaka na miaka. Wewe una hekta mbili zenye hati na ukuta. Utahamia wapi?

Sasa ya kununua. Si ile ya bustani yenye visu vitatu vya kunyoa, hiyo kweli waachie watu wa Golf. Unataka ile ya visu viwili vinavyoning'inia chini ya sahani nzito ya chuma: sahani inateleza juu ya kisiki, kisu kikigonga kinarudi nyuma. Upana? Hesabu nguvu ya farasi tano kwa kila sentimita thelathini. Trakta ya farasi 25 haileti 25 zote nyuma, ikileta 20 shukuru, kwa hiyo mita moja na sentimita ishirini inakutosha, hata kama muuzaji ana ya mita moja na nusu kwa bei nzuri. Ile ya nyundo nyingi ndogo inasaga vizuri zaidi na hairushi mawe mbali, lakini bei yake ni nyingine na nyundo zake ni nyingi za kubadilisha. Karibu na nyumba na watoto, ningeichukua hiyo. Shambani, hapana.

Jambo moja usilipuuze. Katika trakta nyingi za zamani, pedali moja ya ambreyaji, yaani klachi, inasimamisha magurudumu pamoja na kardani, mhimili unaozungusha mashine ya nyuma. Visu vizito vikiwa vinazunguka, unakanyaga pedali na trakta bado inakwenda, kwa sababu visu ndivyo vinavyoisukuma. Kuna kifaa cha kufunga kwenye kardani kinachoviacha visu vizunguke peke yao bila kusukuma trakta. Ni kidogo na si ghali, kidai kabla hujalipa. Na kofia ya plastiki ya kardani ibaki mahali pake: ile chuma inazunguka mara 540 kwa dakika, mara tisa kwa sekunde, na mama anayepita na kitenge chake hatapata hata muda wa kupiga kelele.

Baada ya ya kufyeka, nunua jino moja la kupasulia, linalofungua mstari wa kupandia tu. Upande wa Zambia wakulima wanalitumia miaka mingi, kwa ng'ombe na kwa trakta, na sisi mahindi yao tunayala kila siku.

Rotaveta ina mahali pake, nakubali shingo upande: matuta ya lengalenga, yaani mchicha, kando ya mto Kafubu, kiangazi, udongo mwororo usio na mizizi. Kwa hiyo yaya, kama muuzaji alikataa kuitoa kwenye bei, si neno. Kawauzie watu wa mboga, visu vikiwa bado vipya, na makuta yake yaongeze kwenye mashine ya kufyekea.