Aache Mshahara au Aandike Alfajiri? Siku ya Kazi ya Mtunzi wa Kujitegemea Uganda

Wakikutana watunzi wa hadithi hapa Kampala, swali moja halikosi kuzuka. Mtu mwenye kipaji na mswada mkononi aache kazi ya mshahara aandike tu, au abaki kazini aandike kwa saa za kuiba? Wa upande wa kwanza husema ajira inaua riwaya. Wa upande wa pili husema njaa inamuua mwandishi kabla ya riwaya yake. Hoja zote mbili zina uzito, ila mara nyingi wanaozitetea hawaitazami siku yenyewe ya kazi: tangu mtu anapoamka hadi anapolala, anaandika saa ngapi kweli, na zile nyingine zinakwenda wapi?

Tumtazame kwanza aliyeacha kazi. Asubuhi ni yake. Hakuna kengele ya shule wala foleni ya teksi ya kuelekea mjini. Lakini huyu ni mwandishi wa kujitegemea, maana yake ni mtunzi na mchapishaji na mwuzaji kwa pamoja. Yeye ndiye anayemfuata mchora jalada, anayekaa na mpangaji wa kurasa, anayeomba ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, Maktaba ya Taifa, na anayeshinda Nasser Road, mtaa wa wapiga chapa wa Kampala, kuhakikisha karatasi iliyowekwa mashineni ni ile waliyokubaliana. Vitabu vikitoka, ndiye anayevipeleka madukani na kurudi tena na tena kuulizia malipo. Msomaji wa Mbarara akitaka nakala, mtunzi anaifunga, anapanda boda hadi kwenye basi, anaikabidhi, kisha anapiga simu kuhakikisha imefika. Zile saa nane alizomnyang'anya mwajiri, sita zimekwenda kwenye biashara. Wengi wanaoacha kazi hugundua kwamba wamebadilisha ajira moja kwa nyingine, na hii ya pili haina mshahara.

Sasa pesa. Tuseme, kwa mfano tu, kitabu kinauzwa shilingi 25,000 na kuchapa nakala moja kunagharimu 12,000. Duka likichukua theluthi ya bei, mtunzi anabaki na kama 4,700. Nakala 500 zikiisha zote, mkononi ni shilingi milioni 2 na laki tatu na ushee. Mwaka 2022 serikali iliwapandishia walimu wa sayansi wa sekondari wenye shahada mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na wenzao wa masomo ya sanaa wakaachwa kwenye milioni 1 na kidogo. Kwa hiyo hata yule mwalimu wa fasihi, anayelalamika kwa haki kwamba amesahauliwa, hupata kwa miezi miwili na siku chache kile ambacho kitabu kizima kimeleta. Mtunzi akiuza mwenyewe mkono kwa mkono bila duka, faida inapanda hadi milioni 6 na nusu kabla ya nauli na bando. Ni pesa ya kweli, lakini kila nakala imekula dakika zake, na nakala 500 haziuziki kwa wiki moja.

Wapo wanaosema kitabu cha karatasi kimepitwa na wakati, twende mtandaoni. Nakubaliana nao kwa sehemu. Kwa anayetunga kwa Kiswahili, mtandao umefungua mlango ambao maduka ya Kampala hayangeufungua. Wasomaji wake wa nyumbani wametawanyika: Busia na Malaba kwenye biashara ya mpaka, Arua, Bombo, kambi za jeshi, na jamii za Wakongo waliohamia Kampala. Nje ya mpaka kuna Tanzania na Kenya nzima. Mtindo uliozoeleka Tanzania wa kuuza simulizi kwa sehemu, msomaji akilipa kwa simu na kuongezwa kwenye kundi la WhatsApp, unafaa hata kwa anayeandikia hapa, kwa sababu hauhitaji karatasi, duka wala basi.

Hata hivyo mtindo huo una masharti yake, nayo ni makali. Mia moja waliolipa wanataka sehemu mpya kila jioni. Mtunzi akiugua, au umeme ukikatika na simu ikazima, malalamiko yanaanza saa tatu usiku. Pia kila sehemu sharti iishie pale ambapo msomaji hawezi kungoja, hivyo hadithi inajifunza kukimbia tu. Mhusika hapati nafasi ya kukaa kimya na kufikiri, maana sehemu ya namna hiyo hailipwi. Nawaheshimu sana wanaoishi kwa kazi hii, wana nidhamu kuliko wengi wetu tunaojiita waandishi wa vitabu. Ninachosema ni kwamba anayeacha kazi ili apate utulivu wa kuandika, kisha akategemea simulizi za kila siku kwa chakula chake, utulivu huo hatauona.

Na mlango wenyewe wa mtandao haushikwi na mtunzi. Kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku ilianza Julai 2018. Ilipoondolewa Julai 2021, ushuru wa asilimia 12 uliwekwa juu ya bando la intaneti. Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, wakati wa uchaguzi, na waliokuwa wamejenga wasomaji wao huko wakalazimika kuwafuata kwa VPN, programu ya kukwepa kizuizi cha mtandao, au kuanza upya kwingine. Anayetoa pesa za simu hukatwa kodi ya asilimia 0.5. Anayeuza Marekani kupitia majukwaa ya huko hukatwa asilimia 30 ya mrabaha, kwa kuwa Uganda haina mkataba wa kodi na nchi hiyo. Mwenye mshahara anaweza kuvumilia mapigo hayo. Asiye nao anahisi kila moja mezani kwake.

Wanaotetea ajira wana historia upande wao pia. Mshairi Okot p'Bitek aliongoza Kituo cha Taifa cha Utamaduni Kampala na kufundisha vyuo vikuu. Austin Bukenya, ambaye ni miongoni mwa Waganda waliokipigania Kiswahili kwa muda mrefu kuliko wote, ameishi kwa ualimu. Hata Shaaban Robert, ambaye kila mtunzi wa Kiswahili anamtaja, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni Tanganyika kwa miaka mingi.

Hapa ndipo hoja ya upande wa kwanza inaporudi na nguvu zake zote, nami naichukulia kwa uzito mkubwa. Tazama Uganda imesifika kwa nini. Monica Arac de Nyeko alishinda Tuzo ya Caine, ile ya waandishi wa Afrika, mwaka 2007 kwa hadithi fupi. Jennifer Nansubuga Makumbi alishinda Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola mwaka 2014. Hadithi fupi inaweza kuandikwa alfajiri kumi, kabla ya kazi. Riwaya haikubali. Inataka mtu anayekumbuka leo alichokiandika mwezi uliopita na anayeweza kukaa na sura moja iliyokwama bila kuitupa. Mwalimu aliyesahihisha madaftari 80 jioni hana akili hiyo. Kweli, tuzo nyingi zenyewe ni za hadithi fupi, na hilo linawavuta watunzi huko. Lakini uchovu unawavuta vilevile, nami naamini kuna riwaya za nchi hii ambazo hazijaandikwa kwa sababu wenye kuziandika wanarudi nyumbani saa mbili usiku.

Makumbi anaweza kutajwa na pande zote mbili. Riwaya yake ya kwanza ilimchukua miaka mingi, huku akisoma na kufundisha Uingereza. Mlango ulifunguka Kenya, riwaya hiyo iliposhinda shindano la miswada la Kwani?, shirika la fasihi la Nairobi, mwaka 2013. Tuzo ya Windham-Campbell ya Marekani, ya dola 165,000, ilikuja mwaka 2018. Uhuru wa pesa ulifika kitabu kikiwa kimekwisha kusomwa miaka kadhaa. Hakuna anayeweza kupanga ada ya shule ya mtoto kwa kuitegemea bahati ya namna hiyo.

Pia tusipange matumaini juu ya Kiswahili cha serikali. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kukifanya lugha rasmi ya pili. Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni Julai 2022. Ni miaka 17. Nafurahia uamuzi huo kwa dhati, lakini vitabu vinavyoingia madarasani hupita kwenye kampuni za uchapishaji na idhini ya mitaala, na mtunzi aliye peke yake husimama nje ya mstari huo.

Kwangu mimi swali la ajira lina sehemu ambayo haiulizwi: ni ajira gani? Kazi ya habari humaliza maneno ya mtu kabla hajafika nyumbani. Ualimu unachosha, lakini una likizo tatu kwa mwaka. Halafu kuna wanawake, ambao hata wakiacha kazi ya mshahara, saa zilizopatikana hudaiwa mara moja na jiko, watoto na wagonjwa wa ukoo. Kwao saa iliyolindwa na wenzao inaweza kuwa na thamani kuliko siku nzima isiyolindwa. FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda kilichozinduliwa mwaka 1996, imewapa watunzi kikao cha kila Jumatatu jioni, na kambi za uandishi ambako mwanamke anakaa na mswada wake mbali na nyumbani. Kambi kama hizo zingekuwa nyingi, na baadhi zikapokea miswada ya Kiswahili, mjadala huu wa kuacha au kubaki ungepungua makali.

Kwa hali ilivyo leo, mwalimu wa Busia mwenye riwaya nusu ningemshauri abaki kazini. Aandike likizoni, sura kwa sura, na wakati wa muhula asahihishe tu alichokiandika. Simulizi ya kila siku asiianze mpaka awe na sehemu zote tayari. Achape nakala 100, aziuze kwa mkono wake, ndipo arudi Nasser Road. Hakimiliki asiiuze, maana kwa Sheria ya mwaka 2006 inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada yake. Siku vitabu vyake vya nyuma vitakapolipa kodi ya nyumba na ada ya mihula mitatu mfululizo bila yeye kuvitangaza kila asubuhi, basi aandike barua ya kuacha kazi.