Sabufa Kwenye Kochi, Mimi Sakafuni

Tangu ninunue sabufa, jirani yangu hapa Igogo, Mwanza, alikuwa akinigongea ukuta kila usiku. "Baba Kulwa, punguza besi, vyombo vinacheza kabatini!" Nami nimekaa kwenye kochi langu, katikati ya sebule ya mita 4 kwa 3, hiyo besi naitafuta siioni. Muziki mwembamba kama uji wa mgonjwa. Nimelipia mimi, anayefaidi jirani.

Kwanza nilibandika trei za mayai ukuta mzima, nilizokusanya kwa mama muuza chipsi. Sebule ikawa kama banda la kuku, besi haikujali. Mpwa wangu anayesomea umeme alipoziona alicheka hadi akakaa chini.

"Anko, wimbi la besi la hezi 43, yaani mitikisiko 43 kwa sekunde, lina urefu wa mita 8. Unalikinga kwa trei?"

Akanichorea kwa chaki sakafuni. Sauti hukimbia kama mita 343 kwa sekunde, na chumba cha mita 4 kinameza nusu kamili ya wimbi hilo. Linagonga ukuta huu, linarudi, linakutana na lenzake. Kutani besi inajaa, katikati inajifuta.

"Na kochi umeliweka wapi?"

Katikati, nikajibu.

Mke wangu aliniruhusu kulirudisha nyuma hatua moja tu. Zaidi ya hapo kabati la vyombo lingehamia jikoni. Ikabaki kutafuta mahali pa sabufa yenyewe, na hapo ndipo mpwa aliponiponza. Alisema: iweke sabufa kwenye kochi, pale pale unapokaa, piga wimbo wenye besi nzito isiyokatika, halafu wewe utambae chumba kizima sikio likiwa karibu na sakafu. Utakapoisikia nzuri, hapo ndipo pa kuiweka. Eti njia ya sauti ni ile ile, kwenda na kurudi.

Jumamosi mke kaenda Mwaloni Kirumba kununua dagaa, watoto wako nje kwenye mawe. Nikaikalisha sabufa kwenye kochi, juu ya kitambaa cha kusuka, imetulia kama mjumbe wa nyumba kumi. Nikavua shati, nikabaki na bukta, nikashuka kwa magoti.

Na kweli ilikuwa inafanya kazi! Chini ya meza ya runinga, kimya. Mbele kidogo, besi ikaja halafu ikakata. Chini ya kabati nikakuta shilingi 500 na kiatu cha Doto kilichotupiga chenga mwaka mzima. Kwenye kona ya mlango ikavuma kama pipa tupu, kila noti sauti moja. Nikaanza kurudi kinyumenyume kutoka kwenye kona, taratibu, nikitafuta pale inapopungua uvumi ikabaki tamu.

Sasa, mama mkwe anatoka Sengerema. Zamani ningekuwa na uhakika: foleni ya kivuko cha Busisi ingemla saa nzima. Lakini tangu Juni 2025 kuna daraja, na mimi hilo sikulipigia hesabu. Alipiga hodi, mwenyewe anasema mara tatu. Mlango ulikuwa wazi, akaingia. Kilichompokea si uso wangu.

Niligeuka nikaona yeboyebo zenye tope. Nikapandisha macho polepole: khanga, kapu la viazi vitamu, halafu uso wa mama mkwe, ukiniangalia mimi, kisha sabufa iliyokaa kwenye kochi, kisha mimi.

"Shikamoo mama," nikasema, nikiwa bado chini. Ningesimamaje na bukta ile?

Hakuitikia. Alitoa simu, akampigia binti yake. "Mumeo ameanza kuumwa lini?" Muziki ulikuwa juu, nikamsikia mke wangu akipiga kelele upande wa pili: "Haumwi mama, anatafuta besi!"

"Basi?" Mama mkwe akachungulia nje. "Anatafuta basi chini ya meza? Mwambie asihangaike, mimi nimeshafika."

Nikajivuta hadi kwenye sabufa, nikaizima, nikajifunika kile kitambaa cha kochi, nikarudi magotini nikarudia shikamoo. Safari hii uso wake ulilegea.

"Marahaba, baba. Mwangaluka," akanisalimia kwa Kisukuma.

Sabufa sasa iko ukuta wa mlango, hatua moja na nusu kutoka kwenye kona. Nikiwa kwenye kochi besi inanigonga kifuani, na jirani hajagonga ukuta wiki ya tatu sasa. Shida ni huko Sengerema, ambako mama mkwe amewatangazia ukoo mzima kwamba mkwe wake wa Mwanza ana adabu ya zamani, anaamkia wakwe kwa magoti. Pasaka wanakuja mashangazi wanne, na mke wangu ameshanifulia suruali ya kupigia magoti.