Betri ya Shangazi Haina Kosa

Wiki iliyopita nilikuwa kwa shangazi, Handeni ndani ndani huko, ambako nguzo za umeme zimeishia njiani. Simu anaipeleka kwa kijana mwenye sola, shilingi 500 kila akichaji. "Mwanangu, zamani nilikuwa nakaa siku mbili. Siku hizi jioni tu imezima." Kijana kashamshauri anunue betri mpya. Kijana ndiye anayeziuza.

Nikaingia kwenye mipangilio. Juu kabisa: programu ya mikopo aliyowekewa na mjukuu, asilimia 38 ya chaji yote. Aliomba 20,000 akanyimwa, hajaifungua tena. Kumbe mkopeshaji ni yeye!

Jamani mnaoandika programu, mnajua fika kwamba redio ya simu, ile inayoongea na mnara wa mtandao, ikishaamka kutuma hata herufi mbili hailali papo hapo. Inabaki macho sekunde kadhaa, ikingoja kama kuna kingine. Sasa programu inayouliza sava, kompyuta ya kampuni huko mtandaoni, "kuna jipya?" kila dakika inaifanya simu iwe kama mama mwenye kichanga: akisinzia tu, kinalia. Kusanyeni hizo data mzitume kwa mkupuo. Au sava ndiyo ibishe hodi kukiwa na jambo. Android, mfumo unaoendesha simu hizi, ilileta JobScheduler (mpanga zamu za kazi) mwaka 2014 na Doze (usingizi wa simu) mwaka 2015 kwa kazi hiyohiyo, simu iliyotulia ilale, kazi zisubiri zamu. Halafu unakuta programu ambayo ombi lake la kwanza ni kuondolewa kwenye utaratibu huo, na shangazi akabonyeza "Ruhusu" maana hakuna kingine cha kubonyeza.

Mtasema simu mpya zina betri ya 5000 mAh. Haya, zinazo. Ila ninyi mnajaribia programu kwenye simu iliyochomekwa kwenye kompyuta kutwa nzima. Chaji itaishaje muione?

Mtasema tuweke mwonekano mweusi. Unasaidia kwenye kioo cha OLED, ambacho kila nukta inajiwakia yenyewe. Cha shangazi ni LCD, taa ya nyuma inawaka vilevile. Na GPS je? Mkopo alishanyimwa, ya nini kujua yuko shamba gani?

Nikaifuta. "Ile ya Kurani usiiguse," akaniambia.

Jana kapiga. Siku ya pili hajaenda kwa kijana wa sola, na anataka kujua zile mia tano tano za miezi yote atamdai nani, mimi au mjukuu.