Wosia kwa Aliyemuuguza Marehemu: Shukrani au Hila?

Mzee akilala kitandani miaka minne huku watoto wake wakitafuta riziki Nairobi na Doha, anayeamka usiku kumgeuza ubavu ili asiote vidonda vya mgongoni mara nyingi ni mfanyakazi wa nyumbani asiye wa damu yake. Siku wosia unaposomwa na kuonekana kwamba sehemu ya nyumba ya Mombasa ameachiwa mfanyakazi huyo, neno la kwanza barazani huwa ni kwamba mzee alilaghaiwa. Mimi naamini mzee ana haki ya kumpa, ingawa shaka ya watoto si ya kupuuzwa.

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inamruhusu mtu mzima mwenye akili timamu kumwachia mali yake amtakaye, bila kuuliza kama ni ndugu au mtu baki, ingawa wategemezi walioachwa mikono mitupu wanaweza kuiomba mahakama iwatengee fungu. Inachobatilisha ni wosia uliopatikana kwa ulaghai, kwa kulazimishwa au kwa kusumbuliwa hadi mwenye mali akakosa hiari. Tena muuguzaji akiwa shahidi wa wosia huohuo, alichoachiwa kinabatilika, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasio na maslahi.

Hofu ya watoto ina msingi. Anayemlisha mgonjwa ndiye anayeshika funguo, anayejua namba ya siri ya M-Pesa na anayepokea simu na kusema mzee amelala. Kwa sababu hiyo jimbo la California, Marekani, huanza kwa kudhania kwamba zawadi kwa mhudumu wa kulipwa ilipatikana kwa hila, hadi ithibitishwe vinginevyo, au wakili asiye na maslahi awe amezungumza na mwenye mali faraghani na kuridhika. Dhana hiyo naiona nzito mno kwetu, kwa kuwa ingemtia doa kila mfanyakazi mwaminifu. Lakini mazungumzo hayo ya faragha, mhudumu akiwa nje ya chumba, ningependa kila wakili ayafanye.

Kwa Waislamu, ambao mirathi yao hufuata sharia, mtu baki anaweza kuusiwa hadi theluthi moja ya mali. Anayeumia hapa ni binti aliyeacha kazi akamuuguza mama yake: yeye ni mrithi, kwa hiyo hausiwi kitu juu ya fungu lake ila warithi wenzake waridhie. Njia iliyobaki ni hiba, nayo itolewe na kukabidhiwa mama angali na afya, kwani hiba ya ugonjwa wa mauti huhukumiwa kama wosia.

Lipo jambo ambalo pande zote mbili hulisahau. Mara nyingi kinachoitwa zawadi ni mshahara ambao haukulipwa. Mshahara uliobaki ni deni, na deni la marehemu hulipwa kabla ya wosia na kabla ya mafungu ya warithi, katika sharia na katika Sura ya 160 vilevile. Daftari la malipo lililotiwa saini kila mwezi, mbele ya mmoja wa watoto, lingemlinda mfanyakazi huyo hata kama jina lake halimo katika wosia.