Supu Iliyomwamsha Mama Mkwe

Nilistaafu nikiwa karani wa makasha katika bandari ya Kilindini, kazi iliyonifunza kwamba nafasi tupu ni hasara, na funzo hilo ndilo lililoniponza jikoni.

Tumbo la mke wangu halipatani na maziwa; akinywa kikombe kimoja tu cha chai ya maziwa, usiku kucha hujipindapinda. Kwa hiyo, wiki mbili kabla ya Ramadhani, niliazimia kumwekea kabatini akiba ya supu nzito isiyo na hata tone la maziwa, ambayo tungeipasha tu adhana ya magharibi ikikaribia. Nilinunua maboga sokoni Kongowea, nikakuna nazi 14 kwa mbuzi mpaka kiganja kikaota lengelenge, nikachuja tui kwa kifumbu, nikapika boga kwa tangawizi na bizari, nikaliponda, nikatia lile tui zito, kisha nikakoroga unga wa ngano ili supu ishikane. Sijisifu, lakini ilikuwa supu ya kumrudisha mgeni aliyekwisha kuaga.

Niliijaza katika chupa 20 za jemu, kila moja hadi ukingoni, nikakaza vifuniko vya bati kwa nguvu zangu zote, nikazichemsha kwa saa nzima katika sufuria ya pilau ya harusi. Mke wangu, aliyekuwa akinitazama kutoka mlangoni, aliniuliza kama nilikuwa na hakika. Nilimjibu kwa sauti yangu ya ofisini kwamba maji yanayochemka hayabakizi kiumbe hai. Chupa nikazipa nambari na tarehe kama shehena, nikazipanga katika kabati la chumba alimolala mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Lamu.

Joto la Mombasa mnalijua. Usiku wa nne, saa nane, ulisikika mshindo, kisha kimya, kisha mlio wa kifuniko kikigonga sinia la shaba ukutani. Mama mkwe alitoka mbio, leso kichwani, akisoma Ayatul Kursi kwa sauti iliyowaamsha majirani, na shavuni ana tope la manjano. Niliingia na tochi. Kifuniko cha chupa nambari 7 kilikuwa kimevimba kama shavu la mtoto aliyeficha andazi mdomoni. Kikatoa povu pembeni, kikatetemeka kidogo, kisha kikaruka mbele ya macho yangu.

"Ni majini!" akalia mama mkwe.

"Si majini, mama. Ni mkweo," akajibu mke wangu.

Asubuhi zilikuwa zimefunguka chupa 11. Nikikumbuka zile nazi 14, nilifungua moja ya zilizosalia, na kijiko kilikuwa karibu na mdomo wangu pale mpwa wangu, aliyesomea usalama wa chakula, alipoingia na kuninyang'anya.

"Mjomba, zilizopasuka zimekuonya. Hizi zilizonyamaza ndizo za kuogopwa."

Alinieleza kwamba sumu ya botulini yaweza kuwamo bila harufu wala uvimbe, na kwamba mbegu za bakteria anayeitoa hazifi katika maji ya nyuzi 100. Chakula kisicho na uchachu huhitaji nyuzi 116 hivi, joto linalopatikana ndani ya sufuria ya presha iliyoundwa kwa kazi hiyo. Nilidhani amemaliza, kumbe alikuwa anaanza. Boga lililopondwa halifai, kwa kuwa joto halipenyi sawasawa hadi katikati ya uzito ule. Tui na unga hutiwa siku ya kufungua chupa, si kabla. Na juu ya supu huachwa nafasi tupu ya sentimita mbili na nusu. Hapo mke wangu alikohoa. Kinachofaa kuwekwa ni mchuzi mwepesi wa mifupa, kwa dakika 20 katika chupa za takriban nusu lita, kwa presha ya ratili 10 kwetu sisi tunaoishi usawa wa bahari.

Zilizofungwa tulizifunga tena ndani ya mifuko na kuzitupa, huku paka wa mtaa mzima wakituangalia kwa huzuni. Zilizofunguka niliamriwa nizichemshe kwanza kwa dakika 30, zikiwa zimezama ndani ya maji. Basi nikasimama jikoni kwa mara ya pili, jasho likinitiririka, nikiangalia saa, mpaka harufu ya tangawizi ikamfikia mama mkwe barazani.

"Mwanangu, hiyo supu bado waipika?" akauliza.

Mke wangu alinitangulia kumjibu kwamba hayo si mapishi, ni maiti inaoshwa kabla ya kuzikwa.